Mitungi ya Nyumba Mbili

Mselem aliingia kwangu na mtungi wake wa buluu begani.
Sanduku la nguo lilifuata kesho yake.
Mimi nilikuwa na wangu mwekundu kwenye kona ya jiko
tangu enzi za marehemu Famau,
shingo imekula kutu ya chumvi,
chini umeacha duara kwenye saruji
lisilofutika kwa sabuni wala kwa eda.

Arusi yetu ilikuwa ndogo. Kahawa, halua sahani moja,
dada zake watatu wakinitazama viatu.
Yeye sitini na mbili.
Mimi sihesabu.

Lakini karani wa bandari hastaafu.
Miaka thelathini alihesabu shehena za watu,
sasa ahesabu zangu.
Ijumaa moja akatundika mizani ya samaki
kwenye boriti ya ua, hapa Kuze,
akapima mtungi wake, akatoa uzito wa chuma:
kilo mbili na robo.
Akapima wangu: moja na nusu, kasoro kijiko.
"Mwanaesha, tuna nusu mbili zimekaa bure.
Tuitie hii ndani ya ile, tupate mmoja ulioshiba."

Kumbe mpira ameshanunua,
na shingo mbili za shaba kwa fundi wa Mwembe Tayari.
Mmoja tuuanike juani, asema,
mwingine tuuvike barafu ya muuza juisi,
gesi iteremke yenyewe, taratibu,
kama mtoto ashukaye ngazi kwa makalio.

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaweka kisu.
Gesi haina adabu ya moshi, nikamwambia.
Moshi hupanda ukaomba njia.
Hii hutambaa chini, hupita uvunguni mwa mlango,
na hapo chini Bi Rukia ana makaa
ya mahamri yake, hayazimwi hata kwa mvua.
Ua una kuta nne na mlango mmoja,
na mlango wenyewe wakwama.

Akacheka. Aliona mabaharia wakifanya hivyo melini.
"Hao mabaharia," nikamwuliza,
"uliwaona safari ya pili?"

Hakujibu. Harufu ya yai viza ikajibu:
alikuwa ameshailegeza koki,
kuonja tu.

Akaifunga. Nilipiga kelele dirishani Bi Rukia amwagie maji makaa,
naye akamwaga, akitutukana hadi babu zetu wa tatu.
Taa hatukugusa. Tukaketi kwenye ngazi za barabarani
kama watoto waliofungiwa nje,
tukangoja upepo uingie ndani utufagilie.

Pale ngazini ndipo aliponena, akitazama viatu vyake:
"Ule wa buluu aliununua Zuwena.
Gesi iliyomo ndiyo iliyompikia uji wa mwisho.
Nilitaka ichanganyike,
nisiijue siku itakayokwisha."

Nilitafuta neno. Mkononi nilikuwa bado na kitunguu,
kwa hiyo mato yalikuwa na sababu.

Tukakubaliana hivi: kila mmoja uwake hadi mwisho wake.
Chai ya asubuhi kwa wa Zuwena,
chakula cha usiku kwa wa Famau.

Wa buluu ulikwisha Jumatano, maziwa hayajachemka.
Moto ukawa manjano, ukawa ushanga,
ukawa hakuna.
Mselem akasimama mbele ya jiko na kikombe kitupu.
Nikalihamisha sufuria kwa wangu, sikusema kitu.
Siku tisa baadaye wangu nao, kwenye mchuzi wa papa.
Zamu yake kulihamisha sufuria, na hapakuwa na pa kulihamishia.
Tulikula mkate na ndizi.

Kijana wa pikipiki akaichukua mitupu yote miwili.
Sijui itaingia majiko ya nani.
Akatuletea mmoja wa kijivu, mpana zaidi.
Umelifunika lile duara, isipokuwa ukingo wa upande mmoja.
Shingo za shaba zimekuwa kabari ya mlango.

Mselem ameshaupima. Kasoro gramu mia tatu.
Amevaa kofia, ameshuka
kwenda kugombana na muuzaji.